Mfumo wa kompyuta hospitalini: una kasi, ila ulimwandikia mama ugonjwa asio nao

Hospitali anakohudhuria mama kliniki ya presha, hapa Tanga, iliachana na mafaili ya makaratasi. Sasa kila kitu kipo kwenye mfumo. Naandika kama ndugu wa mgonjwa, kwa wenzangu wanaouguza wazee.

Kwanza niupe haki yake. Zamani faili likipotea mnakaa benchi mpaka adhuhuri huku mtu anapekua makabati. Siku hizi majibu ya maabara yanamfikia daktari kabla sisi hatujarudi mlangoni kwake, na dirisha la dawa hawahangaiki tena kubahatisha mwandiko. Hilo silibezi hata kidogo.

Shida ilianza siku tulipopewa dirishani glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Mama ana presha tu, anatumia amlodipini. Tukarudi kwa daktari, na mama akamwambia mwenyewe: "Mwanangu, mimi sina sukari." Daktari akatazama skrini. "Bibi, hapa inaonyesha unayo tangu mwaka juzi." Akaagiza kipimo, majibu yakaja 5.2, kawaida kabisa. Nikadhani yameisha. Kumbe kwa mtu aliyekwisha kuuamini mfumo, namba ile ilikuwa na maana moja tu: dawa inafanya kazi vizuri, aendelee nayo.

Hapo nikaogopa kwelikweli. Dawa ile kwa mzee asiye na kisukari inaweza kuishusha sukari mpaka apoteze fahamu, na ikitokea usiku amelala, nani atajua? Kilichotuokoa ni daftari lake la zamani la kliniki ambalo hatoki nyumbani bila kulitia mkobani. Daktari alilipitia ukurasa kwa ukurasa, hakukuta sukari popote. Akaifuta dawa, akatuomba radhi. Simlaumu. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na akiupinga mfumo kisha ikaonekana mfumo ulikuwa sahihi, atakayebeba lawama ni yeye.

Chanzo nilielezwa na kijana wa TEHAMA. Mama hajui tarehe aliyozaliwa, kama wazee wengi wa huku, kwa hiyo mapokezi walimwandikia Januari 1. Kuna mama mwingine mwenye majina yaleyale matatu, mwaka uleule, naye kaandikiwa Januari 1. Siku moja mtu akatafuta kwa jina, akabofya la juu, na taarifa za mwenzake zikaingia kwa mama. Kuanzia hapo kila hudhurio likawa linanakili orodha ya magonjwa ya hudhurio lililotangulia, hadi kosa la mbofyo mmoja likaonekana kama limethibitishwa na madaktari kadhaa.

Na huyo mama mwingine je? Kama sukari yake iliandikwa kwetu, huenda kwake haipo, na dawa anazikosa. Nililiuliza hili kila nilipofika pale. Niliahidiwa kwamba atatafutwa kwa simu.

Kusahihisha ndiko kulikonichosha zaidi. Mapokezi hawana ruhusa ya kufuta. Daktari anaweza kuongeza maelezo lakini hawezi kuondoa ya nyuma. TEHAMA wanataka barua iliyosainiwa na wakubwa. Barua ilitembea nilipotaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inakupa haki ya kudai taarifa zako zenye makosa zirekebishwe. Ishikeni hiyo.

Wala si kwetu tu. Marekani, wagonjwa wanaoweza kujisomea maelezo ya madaktari wao mtandaoni waliulizwa, na utafiti ukachapishwa mwaka 2020: mmoja kati ya watano alisema amekuta kosa, na kama wanne katika kila kumi ya hao waliliona ni kosa kubwa. Wenzetu angalau wanasoma. Sisi skrini imemgeukia daktari, tunaona mgongo wake tu. Siku hizi, kabla hatujanyanyuka kitini, namwomba daktari amsomee mama kwa sauti magonjwa na dawa zilizoandikwa. Hakuna aliyekataa mpaka leo.

Kwa kasi nautunuku nyota tano, kwa usahihi mbili. Mapokezi wakianza kutafuta wagonjwa kwa namba ya faili na ya simu badala ya jina, nitaiongeza ya tatu. Kuhusu yule mama mwingine, bado sijapewa jibu, na wiki ijayo tukienda kliniki nitauliza tena.