TAHADHARI: Anauza EF14 kwa jina la VF14M

Wenye maiki za Neumann U47 na mafundi mnaozitengeneza, kuna muuzaji mtandaoni anauza mbuzi kwenye gunia. Anatangaza valvu (kifaa cha kielektroniki kinachokuza sauti ndani ya maiki) za Telefunken VF14M "mpya kabisa", moja kwa zaidi ya dola elfu moja. Mteja wangu alinunua, akaniletea niifunge. Ni EF14, valvu ya aina nyingine, iliyofutwa maandishi na kuandikwa upya.

Umbo ndilo linalombeba huyu mtu. Zote mbili ni za Telefunken, zote zina gamba la chuma badala ya kioo, na kwa macho utazichanganya. Tofauti iko kwenye hita, waya wa ndani unaoipasha valvu moto: VF14 ni ya volti 55 na miliampia 50, EF14 ni volti 6.3 na miliampia 470 hivi. Kwa hiyo mita ya kawaida inamuumbua. Pima omu kwenye pini za hita valvu ikiwa baridi. EF14 inasoma omu chache tu, kama waya mtupu, na hii ilisoma hivyo hivyo. Sikuichomeka. Rezista ya ndani ya U47 inapitisha miliampia 40 tu kwenda kwenye hita, EF14 haiwezi kupata moto hapo na maiki itabaki bubu.

Kisha niliikagua kwa lenzi. Ile M, alama ya valvu zilizochaguliwa kwa ajili ya maiki na ndiyo inayopandisha bei, rangi yake imepita juu ya mkwaruzo wa zamani. Mhuri wa kiwandani ungekwaruzwa pamoja na gamba.

VF14 zilikoma kutengenezwa miaka ya 1950, ndiyo maana Neumann walileta maiki ya U67 yenye valvu ya EF86 mwaka 1960. Anayekwambia ana boksi zima, muogope.

Mteja alipoomba picha ya mita ikiwa kwenye pini, muuzaji alituma karatasi ya vipimo, kisha akamblock. Karatasi ile haisemi lolote kuhusu mvumo, yaani kelele ya valvu yenyewe, na kwenye maiki mvumo ndio kila kitu. Dai usikie rekodi ya valvu hiyo hiyo ikiwa ndani ya U47. Malipo anataka yaende kwa njia ya kutumiana ndugu na marafiki, ambayo haina ulinzi wa mnunuzi, kataa. Kama umeshalipa kwa kadi, piga picha usomaji wa omu na ufungue malalamiko benki leo, kabla muda haujapita.