TAHADHARI: Anayewauzia wenye magari ya zamani "kompyuta ya gari" hapa Bukavu

Ndugu zangu wa Bukavu, na hasa ninyi mnaoendesha Toyota za miaka ya 1990 zinazokata nguvu njiani na kurudia uzima bila sababu inayoonekana, ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo bado haijapoa. Kuna mtu anazunguka kati ya Kadutu na Ibanda, mwenye kifaa kidogo cha bluu mfukoni na simu kubwa mkononi, anayejiita mtaalamu wa umeme wa magari. Kazi yake ni kuwauzia watu kompyuta, yaani lile boksi la umeme linaloongoza injini, ambayo gari lao halikuihitaji. Mimi ameniuzia kompyuta ya gari langu mwenyewe.

Toyota Carina yangu mnaijua, na wengi wenu mmeipanda. Ndiyo inayolipa karo za watoto, kwa hiyo ilipoanza kusumbua sikuweza kuiacha imesimama. Asubuhi iliwaka vizuri na kutembea vizuri. Ikishapata joto, tukianza kupanda, ilikuwa inashtuka, inakohoa, inavuta kidogo halafu inazubaa, na hata ukikanyaga mafuta mpaka chini haiendi. Ukiizima na kungoja kwa muda mfupi, inawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua. Kwa fundi yeyote tuliyempelekea ilifika ikiwa nzima, na fundi akaniangalia kama mtu anayezua maneno. Mmoja alibadilisha buji zote nne zinazowasha mafuta ndani ya injini, mwingine akasafisha delko inayozigawia umeme, na ugonjwa ukabaki palepale.

Huyo bwana hakutoka barabarani tu. Aliletwa kwetu na mtu wa kanisani ambaye ninamheshimu hadi leo, kwa sababu naye alidanganywa vilevile. Alikuja kwa wakati aliousema, jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Alivaa ovaroli safi, alinisalimu kwa adabu, aliniita Mama Mwalimu, na kabla ya kugusa chochote aliniuliza maswali ambayo hakuna fundi mwingine aliyekuwa ameniuliza: linakata likiwa la moto au la baridi, kwenye mlima au kwenye tambarare, tangi likiwa limejaa au likikaribia kwisha. Nilijibu kila swali kwa uangalifu, naye akaandika majibu yangu kwenye daftari. Mtu anayeuliza hivyo ni mtu anayejua kazi, na ninasema wazi kwamba yeyote kati yenu angemwamini. Tena hakukosea kuuliza. Maswali yale yalimpa jibu sahihi, kama mtakavyoona, na hapo ndipo uovu wake ulipo.

Sasa sikilizeni jinsi alivyofanya. Alifungua kapo, kile kifuniko cha injini, akamweka kijana wake mbele ya injini, nami akaniketisha kwenye usukani. Kapo likiwa limeinuliwa, sikuweza kumwona yule kijana wala mikono yake. Bwana mwenyewe aliinama chini ya dashibodi upande wa miguu yangu, akasukuma kile kifaa cha bluu mahali ambapo macho yangu hayakufika, kisha akasimama kando ya mlango na kunionyesha simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya injini, mstari wa kijani ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, asilimia zikipanda hadi 100, halafu kioo chote kikawa chekundu na kuandika P0606, na chini yake maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba kompyuta ina kasoro. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Mama, usiogope. Injini yako haina neno. Ubongo wake ndio umechoka. Kanyaga mafuta polepole uone." Nikakanyaga. Injini ikapanda sauti, ikatetemeka, ikazima ghafla. Akatikisa kichwa. "Umeona? Kompyuta imekata. Siku moja itakukatia kwenye mteremko, na watoto wakiwa ndani."

Aliposema watoto, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pochi.

Bei ilikuwa dola 280 kwa kompyuta na dola 40 kwa kazi, na alisema nyingine alikuwa nayo nyumbani, imetoka Dubai, ya gari la aina ileile. Akamtuma mdogo wangu kutafuta alkoli ya kusafishia plagi, akaenda na ile ya zamani, akarudi baadaye na boksi lililofutwa vumbi na kubandikwa karatasi nyeupe yenye alama ya dhamana. Akalifunga, akaandika stakabadhi yenye muhuri, tukalijaribu gari. Lilitembea vizuri sana. Lakini angalieni tulikolijaribia: asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, tukiteremka kutoka Kadutu. Nilipoomba tupande nalo, alisema kompyuta mpya hulazimika kwanza kujifunza gari kabla ya kubebeshwa mzigo. Alilisema kwa utulivu wa daktari.

Kabla juma halijaisha, nilikuwa nimewabeba mama mkwe wangu na shangazi wawili wa mume wangu, wamevalia vitenge vya sherehe, na gari likakata katikati ya mlima. Nyuma yetu kulikuwa na lori linalopiga honi, pikipiki zinapita pande zote mbili, na vijana wasionijua wakaanza kusukuma huku wakicheka. Mama mkwe alishuka, akatembea kwa miguu hadi juu, asiniambie neno. Nilimpigia yule bwana simu nikiwa palepale. Iliita mara ya kwanza, mara ya pili ikawa imezimwa, na tangu hapo simu yangu haimpati.

Aliyetufumbua macho ni fundi mzee ambaye karakana yake haina hata kibao. Nilipomweleza habari ya kioo chekundu, aliniomba nimwonyeshe kile kifaa cha bluu kilichomekwa wapi. Tulitafuta chini ya dashibodi yote na hatukuona tundu lolote la kuchomeka kifaa kama kile. Akanieleza kwamba zile namba zinazoanza na P na kufuatwa na tarakimu 4 ni lugha ya mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo ya kuanzia mwaka wa modeli 1996, na kwamba Carina ya mwaka 1994, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, haizungumzi lugha hiyo kabisa. Gari langu linasema makosa yake kwa kumwekesha taa ya injini, na namba zake ni za tarakimu mbili tu. Chini ya kapo, kando ya injini, kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Alikifungua, akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, akawasha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ilimeta kwa mfululizo ulio sawa, bila kusita. Maana yake ni kwamba kompyuta haijahifadhi kosa lolote. Kama ingekosa ishara ya moto kutoka kwa delko, ingehesabu 14. Kile kioo chekundu hakikusoma kitu. Kilikuwa ni mchezo uliotengenezwa kuonyesha jibu lilelile kwa gari lolote.

Kisha akafunga kipimo cha shinikizo kwenye njia ya esansi, yaani petroli. Kwa injini ile, kirija cha hewa cha kidhibiti cha shinikizo kikiwa kimechomolewa, mshale unapaswa kukaa karibu na bari 3. Ulikaa hapo mwanzoni. Injini ilipoendelea kunguruma mshale ukaanza kulegea, ukashuka, na mtetemeko ule tunaoujua ukarudi mbele ya macho yetu, hapo hapo karakanani. Tulipotoa pompa kutoka ndani ya tangi, chujio lake la chini lilikuwa limefunikwa na tope jeusi na kutu, na chini ya tangi kulikuwa na maji. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo hukaa chini, na pompa hunyonya kutoka chini. Pompa ikifanya kazi kwa muda, uchafu huvutwa na kuganda juu ya chujio mpaka esansi haipiti. Ukizima gari, mvuto unaisha, uchafu unaanguka, na njia inafunguka tena. Ndiyo sababu gari lilikuwa linapona kila likipumzika, na ndiyo sababu mafundi wa kwanza hawakuona kitu. Kuna wakati tumenunua kwa kadhafi, wale wanaouza esansi ya bidoni kando ya barabara, kwa sababu vituo havikuwa na mafuta, na sisemi kwamba kadhafi wote ni wabaya, lakini bidoni hazioshwi.

Sikilizeni sasa jambo linaloninyima usingizi. Karanga za chujio la pili, lile lililo chini ya kapo, zilikuwa na alama mpya za spana, na hakuna fundi wangu aliyewahi kulifungua. Mzee alilitazama na kusema kwamba mtu alilitoa, akalipuliza kwa hewa, akalirudisha. Kumbe yule bwana alijua. Maswali yake yote ya moto na baridi, mlima na tambarare, tangi lililojaa na tangi tupu, yalimwonyesha kwamba ni esansi isiyopita. Alimtuma mdogo wangu alkoli ili apate nafasi ya kulipuliza chujio, gari litembee vizuri kwa muda mfupi, nami niamini kwamba kompyuta ndiyo iliyoliponya. Na injini iliyozima nikiwa kwenye usukani ilizimwa na yule kijana aliyefichwa na kapo. Kuchomoa waya mmoja wa delko kunatosha.

Kuhusu kompyuta yenyewe, Mungu alimtumia mdogo wangu. Kabla hajaenda kutafuta alkoli alikuwa amepiga picha ya boksi la zamani, akitaka kumuuliza rafiki yake wa Kampala bei yake. Tulipobandua ile karatasi nyeupe ya dhamana, chini yake kulikuwa na namba ileile inayoanza na 89661, na mkwaruzo uleule pembeni mwa plagi. Skrubu za kifuniko hazijawahi kuguswa. Nimelipa dola 320 ili kitu changu kitolewe, kifutwe vumbi na kurudishwa mahali pake.

Huyu mtu asiachwe. Sheria ya jinai ya nchi yetu, kwenye kifungu cha 98, inamhukumu anayejipatia mali ya wengine kwa hila na sifa za uongo kifungo cha kuanzia miezi 3 hadi miaka 5 pamoja na faini, na mimi ninataka apate miaka yote 5. Ninataka kile kifaa chake cha bluu kichukuliwe na kuvunjwa mbele ya watu aliowadanganya. Ninataka wenye karakana wanaomkodishia nafasi wamfukuze leo, kwa sababu anayempa kivuli mwizi anakula naye. Yule kijana wake ni mdogo, lakini naye aulizwe ni magari mangapi amechomoa waya, na akina mama wangapi wamelia. Kama bado anakwenda kanisani, wazee wa kanisa wamsimamishe mpaka arudishe pesa za watu, si zangu peke yangu.

Kwa wale ambao gari lao linakata sasa hivi: akikwambia kompyuta imekufa, mwambie akuonyeshe tundu alilochomekea, na gari la kabla ya 1996 lililotoka Japani mwambie alisome kwa taa. Usikubali jaribio la kuteremka wala la injini baridi. Mpande naye mlima gari likiwa la moto, au asilipwe. Shinikizo la esansi lipimwe kabla ya kununua kitu chochote. Mengine mtayaona wenyewe mkimwona: sauti ya upole, daftari, muhuri. Mimi kusafisha tangi, chujio la pompa na chujio jipya kumenigharimu sehemu ndogo sana ya pesa aliyochukua, na Carina inapanda.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu nimelipeleka pamoja na malalamiko yangu, na sitaki apate nafasi ya kusema nimemchafulia jina. Stakabadhi yangu ninayo, na picha zote mbili za lile boksi ninazo. Najua sisi si wachache. Watu wawili wamenifuata jana sokoni wakinieleza habari ya kioo chekundu kabla sijamaliza kusimulia yangu. Kama na wewe ulilipa, usitoe kompyuta mahali ilipo kwanza. Piga picha ya namba yake na ya karatasi nyeupe kabla ya kuibandua, tafuta stakabadhi yako yenye muhuri ule wa duara, na unitafute kabla ya Jumatatu ili majina yetu yaingie kwenye faili moja.