Somo la farmakolojia katika chuo kimoja cha utabibu Arusha: linavyofundishwa na linavyosahihishwa

Vijana wengi wanaojiandaa kuomba nafasi za stashahada ya utabibu huniuliza kama farmakolojia, yaani elimu ya dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini, ni ngumu kama inavyosemwa. Kwa kuwa nimelimaliza somo hilo katika chuo kimoja cha jijini Arusha, nimeona niwaandikie tathmini yake kwa ukamilifu. Chuo chenyewe sitakitaja. Maoni yangu ni kwamba somo hili linafundishwa vizuri kuliko linavyosahihishwa, na tofauti hiyo inawaumiza wanafunzi ambao wangekuwa matabibu wazuri.

Nianze na ufundishaji, kwa sababu unastahili sifa. Mkufunzi wetu hakuanza na majina ya dawa, bali alianza na safari ya dawa mwilini: inavyofyonzwa, inavyosambaa, ini linavyoibadilisha na figo zinavyoitoa. Kila kanuni aliifunga kwenye dawa tunazozikuta zahanati. Kwa dawa mseto ya malaria, kwa mfano, alitueleza kwamba lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo, hufyonzwa vizuri ikiandamana na chakula chenye mafuta, ndiyo maana mgonjwa anayemeza vidonge tumbo likiwa tupu anaweza asipone hata kama amemaliza dozi zote sita za siku tatu. Artemeta, ile dawa ya pili, hupunguza vimelea upesi na kutoka mwilini ndani ya saa chache, ilhali lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Vivyo hivyo, tulipofika kwenye dawa za kifua kikuu, alituonyesha jinsi rifampisini inavyochochea vimeng'enya vya ini hadi dawa nyingine zikaondolewa mapema, na kwa nini mgonjwa anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, huongezewa dozi ikawa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya mara moja kwa siku.

Mada iliyofundishwa vizuri kuliko zote ni ile ya mfumo wa neva usiotawaliwa na hiari, ambayo wanafunzi wengi huiogopa. Mkufunzi aliandika ubaoni habari za kijana aliyeletwa kutoka shamba la nyanya upande wa Ngarenanyuki: mate yanamtoka, jasho linamtiririka, mboni za macho zimesinyaa, mapigo ya moyo yako chini na kifua kinakoroma. Hakututajia ugonjwa. Alituacha tujadiliane mpaka tukafika wenyewe kwenye viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, ambavyo huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva. Kisha akatueleza kwamba atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, hurudiwa mpaka kifua kikauke na mgonjwa apumue vizuri, na kwamba mboni kutanuka si kipimo cha kutegemea. Akaongeza kuwa atropini haiondoi udhaifu wa misuli, hivyo mgonjwa anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua hata baada ya mate kukauka. Katika mkoa wenye wakulima wengi wa mboga na maua kama huu wetu, somo la namna hiyo linaokoa watu.

Vipindi vya maabara havikuongeza mengi, kwa hiyo nitaviacha.

Tatizo liko kwenye alama. Tathmini endelevu ina alama 40 na mtihani wa mwisho una alama 60, mgawanyo ambao sina ugomvi nao. Ninachokilalamikia ni aina ya maswali. Sehemu kubwa ya majaribio ni maswali ya kweli au si kweli ambayo jibu lisilo sahihi hufuta alama ya jibu sahihi. Mwanafunzi mwenye uhakika wa wastani huliacha swali wazi kwa hofu, na mkufunzi hapati kujua ni wapi hakuelewa. Karatasi nazo hazirudishwi zikiwa na masahihisho. Tunaona alama tu kwenye ubao wa matangazo, wakati darasa limeshahamia mada nyingine.

Zoezi la kuandika cheti cha dawa, ambalo ndilo kazi yetu ya kila siku tutakapoajiriwa, lina alama tano tu kati ya mia. Tulipewa mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, tukatakiwa kuandika artesuneti ya mshipa. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 36. Anayetumia kipimo cha watu wazima cha miligramu 2.4 kwa kila kilo atapata 28.8, na mtoto atakuwa amepunjwa dawa katika saa ambazo anaihitaji kuliko wakati wowote. Kosa hilo liliwagharimu wenzetu alama moja. Kusahau kundi la dawa fulani ya shinikizo la damu kuligharimu alama tatu. Mizani hiyo haikubaliki, na nasema hivi nikiwa nimefaulu somo.

Ningependa zoezi hilo lipewe alama zisizopungua 20, na wanafunzi waruhusiwe kulifanya wakiwa na mwongozo wa taifa wa matibabu, toleo la 2021, kwa kuwa tabibu makini huufungua mbele ya mgonjwa bila aibu. Mtihani wa marudio nao ubadilishwe, maana kwa sasa ni karatasi ya aina ileile, na anayeshindwa kwa sababu ya kuogopa kukatwa alama hushindwa tena kwa hofu hiyohiyo.

Kwa ufundishaji ninatoa nyota nne kati ya tano. Kwa usahihishaji, mbili. Anayekwenda kulisoma somo hili arudie kwanza fiziolojia ya neva na ya figo, na afanye hesabu za dozi kila wiki hata kama hazitampa alama nyingi.