Kadi zangu 40 za mandala, na duka lililoniambia hakuna atakayepima kwa rula

Nimeandika maoni haya na kuyafuta mara kadhaa, kwa sababu kila ninapodhani nimetulia naziona tena zile milimita 6 za ukingo upande wa kushoto wa kadi zangu na milimita 2 upande wa kulia, na hasira inanipanda upya. Jina la duka sitalitaja. Ni duka la uchapaji la hapa Mtwara mjini, na sina nia ya kumharibia mtu riziki yake, ingawa nakiri kwamba siku niliyotoka pale na boksi langu kwapani nia yangu ilikuwa hiyohiyo.

Nilichopeleka kuchapishwa ni seti ya kadi 40, kila moja ikiwa na mandala, yaani mchoro wa duara, katikati na maneno machache ya kutia moyo chini yake. Niliagiza seti 30, yaani kadi 1,200, na sehemu ya fedha nilizolipa haikuwa yangu, bali ya wanachama wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, waliokuwa wamekwisha kulipia seti zao. Najua wapo watakaosema mama huyu analilia milimita mbili. Kwa hiyo inanibidi nieleze kwanza mchoro wenyewe huzaliwa vipi, ndipo msomaji aamue kama ninalia bure.

Mandala ni neno la Kisanskriti lenye maana ya duara, na Wahindu na Wabudha wameutumia mchoro huo kwa karne nyingi katika ibada zao. Mimi ni Mwislamu wa Mikindani na sikuufuata kwa ajili ya ibada. Niliufuata baada ya kusoma habari za Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ambaye kati ya mwaka 1918 na 1919 alikuwa akichora duara dogo katika daftari lake kila asubuhi na kuliangalia ili ajue nafsi yake imeamkaje. Nikaona hilo hata mimi naliweza. Nikawa kila nikimaliza sala ya alfajiri, kabla sijawasha jiko, nachora duara moja.

Bikari ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi. Ukiiacha katika upana uleule uliochorea duara, kisha ukaitembeza juu ya mstari wa duara lenyewe, itapiga hatua sita kamili na kurudi ilikoanzia bila kubakiza wala kupungukiwa. Kila hatua ukiigawa mara mbili unapata sehemu kumi na mbili, na ndani ya kumi na mbili zimo tatu, nne na sita, kwa hiyo petali, nyota na mawimbi yote yanapata mahali pa kukaa. Lakini kila kitu kinaning'inia kwenye tundu moja dogo lililoachwa na sindano. Tundu hilo likisogea, hata kama petali zako zimechorwa na malaika, jicho linakataa.

Maumbo sikuyachukua mbali. Baadhi yalitoka kwenye maua yaliyochongwa katika milango ya zamani ya Mikindani, na mengine kwenye lile umbo la korosho tulilolizoea katika kanga, ambalo ukilipanga mara sita kuzunguka kitovu linageuka ua kamili. Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa kawa la marehemu shangazi yangu, lile la kufunikia sinia la chakula. Kawa hushonwa kwa ukili, yaani utepe wa majani uliosukwa, kuanzia kileleni, duara juu ya duara, na mshonaji akikosea kuhesabu rangi katika mzunguko wa kwanza, kosa lake halionekani pale pale. Linamsubiri kwenye mzunguko wa mwisho, ambapo nakshi ya mwanzo na ya mwisho zinakataa kukutana. Nililigeuza kawa lile juu chini, nikalitazama kwa majuma, na likanipa kadi ninayoipenda kuliko zote. Maneno yake ni mafupi: "Anza ulipo."

Maneno yalinisumbua kuliko michoro. Nilidhani nitachukua methali tu na kuzipanga, kumbe methali zetu nyingi zinakemea. Mtu aliyeamka na huzuni huwezi kumpa kadi inayosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, utakuwa umemwongezea. Nikageukia majina ya kanga, nikakuta nusu yake ni vijembe vya kumpiga jirani. Mwishowe nikabakiza methali chache zenye upole, kama baada ya dhiki faraja, na zilizobaki nikazitunga mwenyewe, nikizisoma kwa sauti mpaka nihisi naweza kumwambia mtu maneno hayo usoni bila kuona haya. Mwanzoni kadi zilikuwa 52. Nikazipunguza hadi 40 kwa sababu moja tu, kwamba zisifanane na karata.

Mpangilio wa kadi nao niliuiba kwenye kanga, na hapa ndipo yalipoanzia mabaya. Kanga ina pindo kuizunguka, ina mji katikati na ina jina chini ya mji. Kadi yangu ina upana wa milimita 120 na kimo cha milimita 80, mandala imekaa kwenye mji, maneno yamekaa penye jina, na pindo ni mstari mwembamba wa nakshi uliosimama milimita 4 kutoka ukingoni pande zote. Mpwa wangu aliyahamishia yote kwenye kompyuta, akaacha milimita 3 za ziada nje ya kila ukingo kwa ajili ya kisu, na faili likaenda dukani kwenye flashi.

Siku ya kupeleka, kijana wa kaunta hakunisalimu. Sisemi alinisalimu vibaya. Hakunisalimu kabisa, na mimi ni mtu ambaye wanangu wanamzidi yeye umri. Alifungua faili, akatazama, kisha akauliza mbele ya wateja wengine: "Mama, hizi ni karata za kupigia ramli?" Wakacheka. Nikacheka nao, maana ungefanya nini, lakini njia nzima ndani ya daladala ya kurudi Mikindani nilikuwa namjibu kimoyomoyo.

Haki niitendee: upande wa rangi walifanya kazi ambayo sikuitegemea. Rangi za kwenye skrini ni za mwanga na rangi za kwenye karatasi ni za wino, kwa hiyo buluu yangu ya bahari, ambayo kwa mpwa wangu ilikuwa inang'aa, kwenye karatasi ilitoka imefifia kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Mtu mmoja wa duka hilo, ambaye sikumjua wakati huo, aliniita kwa simu niende nione nakala ya majaribio kabla ya kuchapisha zote, akarekebisha mara tatu bila kuongeza bei. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota tano.

Halafu ikaja siku ya kuchukua mzigo. Tulikuwa mwanzoni mwa msimu wa korosho, mji umejaa watu na duka limejaa kazi, na siku ya kwanza waliyoniahidi ilikuwa imekwisha kupita kwa sababu ya umeme. Sikulalamika. Nilifungua boksi, nikatoa kadi ya juu, na kabla sijajua ni nini kimenishtua nilihisi mwili umekaza. Mandala ilikuwa imeegemea. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya kumi. Nikatoa rula mkobani na kupima pindo: kushoto milimita 6, kulia milimita 2. Kadi nyingine zilikuwa sawasawa, 4 kwa 4, na hilo lilizidisha ubaya, kwa sababu ukizichanganya na kuzilaza kifudifudi unaweza kujua kwa pindo la mgongoni tu ipi ni ipi, kama karata za mlaghai.

Nikamwonyesha kijana. Akaishika kadi kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii, akasema: "Duara ni duara tu, mama. Nani atapima kwa rula?"

Nimeyasikia maneno hayo nikikuna nazi, nimeyasikia nikiwa kwenye mkeka wa sala. Nani atapima kwa rula! Mimi niliyekaa zaidi ya mwaka natafuta tundu la sindano! Lakini kadi iliyoegemea haihitaji rula. Rula niliitoa ili nimwoneshe yeye; mimi nilikuwa nimekwisha kuona kwa macho, na bibi yangu asiyejua kusoma angeona, maana mwanamke wa pwani akikunja kanga pindo kwa pindo huiona kanga iliyokatwa upogo hata kwenye mwanga wa koroboi.

Sikumbuki nilisema nini, ila sauti ilinitoka, kwa sababu mlango wa nyuma ulifunguka na akatoka mtu wa makamo mwenye wino kwenye kucha. "Shikamoo mama," alisema, na kwa aibu yangu neno hilo moja lilinitoa nusu ya hasira kabla hajaigusa kadi. Ndiye aliyenirekebishia rangi. Akaniingiza chumba cha nyuma, akanionyesha kisu. Alinieleza kwamba karatasi ikipita kwenye mashine ya kuchapia husogea kidogo, na hakuna mashine isiyosogeza; rundo likishawekwa chini ya kisu bila kugongwagongwa upande uliotumika kuchapia, kisu hukata kwa kufuata ukingo wa karatasi, hakijui mchoro uko wapi. Rundo langu lilikatwa na mtu mwingine, kwa haraka. Hakumtaja jina na sikumuuliza.

Kisha akasema jambo lililoniuma. "Pindo hili jembamba ndilo linalotusema, mama. Lingeenda hadi ukingoni, au lisingekuwepo, jicho lisingeona kitu." Nilijua palepale kwamba ni kweli. Mchoraji wa kadi mwenye uzoefu haweki mstari mwembamba karibu na ukingo, kwa sababu mstari huo hugeuka rula ya kupimia kisu. Niliuweka kwa kuipenda kanga, na niliupenda kiasi kwamba mpwa wangu aliposita nilimkatiza. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na ningeimaliza habari hapa kwa kuomba radhi, kama nisingejiuliza swali moja: kama fundi wa nyuma anajua hilo, kwa nini mtu wa mbele aliyelipokea faili langu, aliyepata nafasi ya kunifanyia mzaha wa ramli, hakuniambia neno? Duka linauza karatasi na wino au linauza kazi? Mteja hawezi kulijua lile ambalo fundi analijua kwa miaka. Ndiyo maana analipa.

Fundi alizikata upya zote. Zilizokuwa 6 kwa 2 alizipunguza milimita 4 kushoto, na zilizokuwa 4 kwa 4 akazipunguza 2 kila upande, mpaka zote zikawa na upana wa milimita 116 na pindo la 2 kwa 2. Aligonga kila rundo mara kadhaa, akapima kwa rula yangu, akakata. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki hadi baada ya isha, naye hakuniharakisha wala kuniomba shilingi. Pindo limebaki nusu ya nilivyolikusudia, ila kitovu kimerudi mahali pake, na ukizilaza kifudifudi hakuna inayojitangaza.

Isipokuwa moja. Karatasi za "Anza ulipo" zilikuwa zimekatwa vibaya kupita zote, pindo la kulia likaliwa lote. Hapakuwa na cha kuokoa. Fundi alisema zichapishwe upya. Kijana wa kaunta, akiwa ameinamia simu, akasema zitachapishwa kwa nusu ya bei. Nusu ya bei! Ya kosa lao! Nilikuwa nimechoka, gari la mwisho la Mikindani lilikuwa linaniacha, nikazichukua hivyohivyo. Kawa la shangazi yangu, katika seti zote 30, limeegemea.

Kikoba tulikutana juma lililofuata, na kabla ya kununua hisa kila mwanamke akavuta kadi. Mmoja wetu alivuta hiyo. Aliitazama, akainamisha kichwa upande ule ilikoegemea, akasema, "Hii imelala ubavu kama mimi leo," wakacheka, na sasa wanaiita kadi ya ubavu na wanagombania nani ataipata. Sijui nifurahi au nilie. Sikuichora ilale ubavu.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa rangi na kwa fundi wa nyuma, tano bila kusita, na anayechapisha kadi namshauri amtafute yeye na apite mlango wake. Kwa kaunta, moja. Nilikuwa nimekwisha kuandika tatu, lakini nimeyakumbuka tena yale maneno, na nimeifuta, ni mbili. Seti nyingine 20 zimeagizwa, na Jumamosi napanda daladala kwenda kulekule, faili likiwa halina pindo na rula ikiwa mkobani.