Uzoefu wangu na OCRmyPDF: kuzipa hati za skana maandishi yanayotafutika, kwa Kiswahili

PDF iliyotoka kwenye skana ni picha tupu. Ukibonyeza Ctrl+F ukatafuta neno, hulipati hata kama unaliona kwa macho. OCRmyPDF, programu ya OCR (yaani kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha), inatibu hilo: inasoma kila ukurasa, kisha inalaza maandishi yasiyoonekana kwenye picha ileile, kila neno mahali pake. Mihuri na saini za kalamu zinabaki zilivyokuwa. Ndiyo maana naipendelea kuliko programu zinazogeuza hati kuwa Word, ambazo huvuruga majedwali na kukuachia kazi ya kupanga upya.

Haina madirisha wala vitufe. Unaiendesha kwa amri unazoandika kwenye terminal. Kazi ya kutambua herufi inafanywa na programu nyingine, Tesseract, iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na msimbo wake kuwekwa huria mwaka 2005. Ukishazisakinisha, intaneti haihitajiki tena. Kwa anayeshughulikia hati za viwanja au mafaili ya wagonjwa jambo hili ni kubwa, kwa sababu hakuna karatasi inayopandishwa kwenye seva ya mtu mwingine.

Kwenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa

Kifurushi cha pili ndicho cha Kiswahili, na ndicho kinachosahaulika. Usipotaja lugha, programu inasoma kwa Kiingereza bila kulalamika, kwa kuwa herufi ni zilezile. Neno lenye wino hafifu ndilo linaloishia kuandikwa ovyo. Hakikisha kwa tesseract --list-langs. Usipoona swa kwenye orodha, bado hujawa tayari.

Amri ninayoanza nayo:

ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages muhtasari.pdf muhtasari-ocr.pdf

Hati nyingi za ofisi zetu huchanganya lugha mbili, ndiyo sababu ya swa+eng. Ikiwa hati ni ya Kiswahili kitupu, weka swa peke yake; inakwenda haraka zaidi. --deskew hunyoosha ukurasa uliopinda kidogo, --rotate-pages hugeuza uliolala au kupinduka. Ukurasa wenye maneno machache mara nyingine haugeuzwi, kwa sababu programu haina uhakika wa kutosha. Ongeza --rotate-pages-threshold 5 ili iridhike na ushahidi mdogo.

Kosa utakalokutana nalo mapema ni programu kukataa kuendelea ikisema ukurasa tayari una maandishi. Hapo kuna njia tatu, na kuchagua vibaya kuna gharama. --skip-text huruka kurasa zenye maandishi na kusoma zilizobaki. Ndiyo salama kwa faili lililochanganya kurasa za Word na za skana. --redo-ocr huondoa maandishi ya OCR ya zamani na kusoma upya, lakini haikubali kuambatana na --deskew. --force-ocr hugeuza kila ukurasa kuwa picha kwanza, hata ule uliokuwa na maandishi safi, na faili huweza kuvimba. Hii ya mwisho naitumia pale tu maandishi ya ndani ni takataka, yaani ukinakili sentensi unabandika alama zisizosomeka.

Ukitaka maandishi matupu pembeni, ongeza --sidecar maandishi.txt. Angalia: ukiitumia pamoja na --skip-text, kurasa zilizorukwa hazimo kwenye faili hilo. Afadhali uendeshe pdftotext, amri ya kutoa maandishi ndani ya PDF, juu ya PDF iliyokamilika.

Ubora wa skani ndio unaoamua karibu kila kitu. Skani kwa nukta 300 kwa inchi; A4 itatoka na upana wa nukta 2480 na urefu wa 3508. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembe, yenye kivuli cha mkono, hainyooshwi na --deskew, kwani inarekebisha mzunguko tu, si ukurasa uliobanwa upande mmoja. Mwandiko wa mkono usiutegemee kabisa. Muhuri uliogongwa juu ya maandishi nao huharibu maneno yaliyo chini yake, kwa hiyo tarehe na kiasi cha fedha vihakikiwe kwa macho.

Kwenye kompyuta yenye RAM ndogo, weka --jobs 2, ili ifanye kazi mbili tu kwa wakati mmoja. Bila hivyo inatumia viini vyote vya prosesa na mashine inaganda. Faili la mamia ya kurasa pia hula nafasi kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda. Ikijaa, elekeza TMPDIR (kigezo cha mfumo kinachotaja folda hiyo) kwenye diski yenye nafasi.

Faili lenye saini ya kidijitali linakataliwa, na ni haki, maana kulibadilisha kunabatilisha saini. Tunza asili, fanyia kazi nakala. Na chaguo la -O 2 hupunguza ukubwa wa faili kwa kupoteza ubora wa picha, hivyo kwa hati ya ushahidi naiacha -O 1 ya kawaida.