Miezi mitatu kwa Bibi: uzoefu wangu wa kujifunza kushona kofia ya viua

Nina duka dogo la nyuzi Mji Mkongwe, Unguja, chumba kimoja chenye mlango unaotazama uchochoro, na Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri nafundisha kroshia wasichana wanaotoka chuoni. Mwaka jana, Ramadhani ikiwa inakaribia, aliingia mzee akataka uzi wa kofia. Nikampa uzi mweupe wa cherehani, ule ule wanaochukua mafundi wa madera. Kesho yake akarudi nao. Hakugomba. Aliuweka juu ya meza akasema, "Mwanangu, huu wa kushonea mapazia. Kofia ya viua unaijua au unaisikia tu?"

Nilikuwa naisikia tu. Baba akiivaa, babu alizikwa ameacha tatu, na mimi muuza nyuzi sikuwa najua hata inashonwa kwa uzi gani. Ndipo nilipoanza kuulizia mwalimu.

Darasa nililolipata lipo Ng'ambo, sebuleni kwa bibi mmoja ambaye simtaji jina, kwa kuwa sikumuomba ruhusa na kwa kuwa nina mawili matatu ya kumlalamikia. Nimelipa shilingi 50,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, na 15,000 nyengine za mfuko wa vifaa: kipande cha bafta (kitambaa cheupe chepesi cha pamba), sindano mbili, penseli na uzi. Siku tatu kwa wiki, baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Tulikuwa wanafunzi saba, watatu wanaume, mmoja wao dereva wa bodaboda aliyekuwa akija na kofia ngumu mkononi na kofia laini mfukoni. Anayeona ajabu mwanamme kushika sindano hajakaa barazani na wazee wetu. Kofia huku imeshonwa na wanaume na wanawake tangu zamani.

Wiki mbili za mwanzo hakuna kofia. Kuna kiua tu.

Kwa asiyejua: kiua ni kile kitundu kidogo cha mviringo, kimezungushiwa uzi pembeni, na kofia nzima ni mamia ya vitundu hivyo vilivyopangwa mpaka vikatoa maua, nyota, mawimbi. Upepo unapita, kichwa hakifuki. Ndugu zetu wa Oman nao wana kofia ya namna hiyo, imedariziwa na ina matundu, na ukikaa na wazee wa pande mbili hizi watabishana mpaka chai ipoe nani kamfundisha nani. Mimi simo.

Nilidhani kiua kinakatwa kwa mkasi. Hapana. Ukikata, nyuzi za kitambaa zinakatika na baada ya kufua mara mbili tundu linachanika. Unachofanya ni kukunja bafta tabaka mbili, kuchora duara kwa penseli, kupiga bandi (mishono ya kushikiza) ndogo ndogo kuizunguka duara hiyo, kisha kutoboa katikati kwa sindano nene huku ukiisokota, ili nyuzi zisogee pembeni zenyewe bila ya kukatika. Hapo ndipo unaanza kuzungusha mshono, kila uzi umeegemea mwenzake, mkazo ule ule kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukikaza zaidi upande mmoja, tundu linavutika. Ukilegeza, linajifunga. Kidole cha kati kinavaa subana, kile kikombe cha chuma, la sivyo siku ya tatu hutoshika hata kijiko.

Sasa ukaguzi wa Bibi. Anachukua kitambaa chako, anageukia dirishani, anakiinua mbele ya jicho moja. Mwanga ukipita mviringo, anakurudishia bila ya neno. Ukipita na ncha, anasema "kina mkia," na hapo hapo anakifumua yeye mwenyewe, mbele yako, bila ya kukuuliza, huku akiendelea na habari za bei ya pweza.

Viua vyangu 19 vya mwanzo vilikuwa na mikia. Vyote alivifumua.

Nitasema kweli, niliona uchungu. Mimi mwenyewe ni mwalimu, watoto wa watu wananiita mwalimu, halafu nimekaa mkekani nafumuliwa kazi kama mtoto wa darasa la pili. Siku ya nne nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu siendi tena. Akaniuliza nimelipa kiasi gani. Nikaenda.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikiona Jumamosi yake, dukani kwangu. Msichana mmoja alikuwa anafuma kitambaa cha meza, cha mviringo, na kilikuwa kinajikunja kingo zikapanda juu kama bakuli. Sababu yake naijua vizuri: hakuongeza mishono ya kutosha kila mzunguko. Mduara unakua, mishono haikui, basi kitambaa hakina pa kwenda ila juu. (Ukizidisha mishono ndiyo kinafanya mawimbi kama sketi.) Nilikuwa nakiona tangu mzunguko wa tano, na nimemwambia "vizuri, mashallah, endelea," kwa sababu nilikuwa naogopa akivunjika moyo mama yake hatolipa mwezi ujao. Amefuma mizunguko 14 juu ya kosa la mzunguko wa tano. Nani amemdhulumu hapo?

Kwa hiyo nikiulizwa zile 150,000 za ada zimenunua nini, nitasema zimenunua kufumuliwa. Kushona kiua unaweza kutazama kwenye simu. Simu lakini haitokuinulia kitambaa dirishani. Tangu hapo na mimi nafumua dukani kwangu. Wanafunzi wawili wameniacha, mmoja amerudi, mwengine naona mama yake akinipita njiani ananisalimia kwa juu juu.

Sasa malalamiko, maana yapo.

La kwanza ni uzi wa kwenye mfuko. Kwa muuza nyuzi hili haliwezi kunipita. Ni uzi wa pamba, sawa, lakini haukusokotwa vizuri, unachambuka ukipita kitambaani mara kumi, na mweupe wake si mweupe wa bafta. Viua vya mwanzo na vya mwisho katika kofia yangu vimetofautiana rangi kidogo, na ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona. Nilileta wangu wiki ya tatu, uzi wa pamba uliosokotwa madhubuti wenye mng'aro kidogo, nikaupaka nta kabla ya kutunga. Bibi akaushika, akaunusa, akauliza bei. Nilipomtajia akasema, "Basi nyinyi ndio mnaofanya kofia ziwe ghali." Lakini tangu siku hiyo ananunua kwangu.

La pili, muda. Alasiri kwa Bibi inaweza kuwa saa kumi, inaweza kuwa saa kumi na moja kasorobo, inategemea wageni. Kwangu mimi niliyefunga duka ili nije, ile ni hasara ya wateja. Na siku za maziko mtaani, ambazo ni nyingi, darasa halipo na hakuna siku ya kufidia. Sigombi na maziko. Nagomba na kutoambiwa, maana simu ninayo.

La tatu ni michoro. Bibi ana daftari la michoro la mamake, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na haruhusu mtu kulipiga picha. Unanakili kwa mkono, ukiwa umekaa hapo hapo, mchoro mmoja kwa kila kofia unayomaliza. Mwanzo niliona choyo. Halafu akatueleza kwamba mchoro wake mmoja uliwahi kupigwa picha, na baada ya miezi akauona umedariziwa na mashine kwenye kofia za kutoka nje zilizopangwa pale Darajani, bei yake hata elfu kumi haifiki. Nimemuelewa, ingawa bado naona daftari moja, nyumba moja, paa linalovuja, ni hatari kubwa kuliko picha. Nimemshauri anakili la pili aliweke kwengine. Amesema atafikiria, na kwa Bibi hiyo maana yake ni hapana.

La nne ndilo kubwa, na halimhusu Bibi peke yake. Hakuna aliyetufundisha kupanga bei. Niliweka daftari langu la saa tangu siku ya kwanza ya kofia yenyewe, kwa sababu dukani nimezoea kuandika. Kofia yangu ni ya mchoro mwepesi, viua 312, na imenichukua siku 41, kila siku saa mbili hivi. Hizo ni saa 82. Mwenye duka la watalii alipoiona akanitajia shilingi 70,000. Gawanya: shilingi 850 na ushei kwa saa, kabla hujatoa bafta na uzi, na kabla hujayahesabu macho. Yeye angeiuza kwa ngapi sikumuuliza, nisije nikashindwa kulala. Nilipompelekea Bibi hesabu hiyo alicheka sana. "Kofia haipelekwi dukani," akasema. "Mwenye kichwa ndiye anayekuja." Yeye hushona kwa oda tu, kwa kipimo cha kichwa cha mtu, na anapokea nusu kabla hajatunga sindano. Jambo zuri hilo, la kufundishwa wiki ya kwanza. Sisi tumelisikia mwezi wa tatu, tena kwa bahati.

Nisisahau kisa cha bafta, kwani nanyi mtakutana nacho. Bafta ya mfukoni ni kipande cha kofia moja tu na makosa yako hayana pa kwenda, basi nikaenda Mchangani kununua yadi nne. Kijana wa dukani akanitazama kwa huruma akaniambia, "Pole dada, mmefiwa?" Ndiyo, ni kitambaa kile kile cha sanda. Nilipomwambia ni ya kofia akanivutia jora la marekani, eti ni imara zaidi. Imara ni kweli. Kitambaa hicho kimebeba jina la kwao tangu meli za Salem, Massachusetts, zilipokuwa zikikileta Unguja, na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja wakati huo, na Wamarekani wakatiliana saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Lakini kwa viua ni kizito, tabaka mbili zake zinavunja sindano. Nilijaribu. Bafta.

Na bafta iloweke kabla ya kukata. Bibi alisema, tena mara mbili. Mimi nikajifanya najua vitambaa, nikakata kavu, nikapima kichwa cha kaka yangu inchi 22, nikashona siku 41. Kofia ilipofuliwa mara ya kwanza, ikatiwa wanga wa muhogo na kuanikwa juu ya bakuli ili ikauke na umbo lake, ilirudi, ikawa ndogo. Kaka yangu aliivaa ikasimama juu ya utosi kama kifuniko cha birika. Sasa ni ya mtoto wake wa darasa la tatu, anakwenda nayo Ijumaa, na mimi kila nikiiona naziona saa zangu 82 zinakimbia uwanjani na mpira.

Nani aende kwa Bibi? Unayetaka kofia ya mume, ya baba, ya mtoto, nenda, na ukubali kufumuliwa. Unayeuza nyuzi au kufundisha kazi za mkono za aina yoyote, nenda zaidi. Unayetafuta pesa ya haraka kabla ya Idi, bora ubaki na kroshia. Seti ya vitambaa vya makochi inakwisha mapema na mteja yupo. Na asiyeweza kukaa saa mbili bila ya kushika simu asijisumbue, Bibi anazikusanya mlangoni ndani ya kawa.

Ukienda, chukua uzi wako, bafta yako iliyokwishalowekwa, na miwani hata kama unaona huihitaji. Sindano zako zitie kwenye kichupa kikavu chenye punje za mchele, maana masika ikiingia unyevu wa mji wetu unazila kwa kutu ndani ya wiki, na sindano yenye kutu inaacha alama kwenye bafta ambayo haitoki kwa sabuni.

Yule mzee alirudi, ndiyo. Nikampa uzi wa sawa, na kwa fahari nikamuonesha kofia ya mtoto. Akaigeuzia mlangoni, akafumba jicho moja, akaizungusha polepole. "Hichi," akasema, amekiwekea ukucha kiua kimoja karibu na mshono wa pembeni, "na hichi." Viwili katika 312. Bibi alikuwa amevipitisha.

Nimejiandikisha tena kwa miezi mitatu. Safari hii mchoro mzito, inchi 22 na nusu, na bafta ipo kwenye beseni tangu juzi.