Chujio la bombani miezi minne hapa Dodoma, chumvi iko palepale

Wadau wa Dodoma, hasa mliohamia juzijuzi, hii inawahusu. Mwezi wa tatu nilinunua lile chujio dogo la kufunga kwenye bomba la jikoni, la plastiki, lina katriji ya mkaa ndani, elfu 48. Muuzaji akaniapia kabisa "dada hili linatoa chumvi yote, chai yako itakuwa kama ya kwenu Njombe". Nimelitumia miezi minne, katriji nimebadilisha mara moja, na naona watu wanazidi kulinunua kwa ahadi ileile ndo maana naandika.

Mimi nimekulia Njombe, kule sabuni ya kipande ukiigusisha tu maji povu limejaa beseni. Hapa Area C siku ya kwanza kufua nilijua nimeuziwa sabuni feki, unasugua weee povu hakuna, kinachotoka ni utando wa kijivu unaelea juu halafu unakwenda kuganda kwenye kola ya shati la mtoto. Maji ya mjini sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Yanakaa chini ya ardhi muda mrefu yanayeyusha madini ya mawe na udongo, na huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, wastani haufiki milimita 600 kwa mwaka, jua nalo kali, kwa hiyo madini yanajilimbikiza. Sisi wote tunaita chumvi ila kinachotutesa kwenye sabuni ni kalsiamu na magnesiamu, ndo mana yanaitwa maji magumu. Kuyanywa ugumu wenyewe hauna shida, hata WHO (Shirika la Afya Duniani) hawajaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Shida ni nyumba.

Na nyumba inaumia jamani. Jagi la umeme wiki mbili tu chini kumekuwa cheupe kama limepakwa chokaa, likichemka vipande vinaelea kwenye chai. Shawa matundu yameziba nusu. Koili ya hita ya bafuni imeungua mara mbili kwa mwaka mmoja, fundi alipoifungua akanionyesha, "mama ona, imevaa koti", kweli ilikuwa imezungukwa na gamba gumu kama jiwe, joto halitoki linabaki ndani mpaka koili inakatika. Maharage yanakula mkaa asubuhi nzima. Taulo likikauka linasimama lenyewe.

Sasa chujio. Mwezi wa nne mvua zilikuwa bado zipo nikafanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya: chupa tatu zinazofanana, moja maji ya bomba, moja yaliyopita kwenye chujio, moja ya mvua, kila moja nikakwangulia sabuni ya kipande kiasi kilekile nikatikisa (usitumie sabuni ya maji, nyingi zinatoa povu hata kwenye maji magumu utadanganyika). Ya mvua povu likajaa mpaka shingoni. Ya bomba na ya chujio zikafanana kabisa, ukungu mweupe na povu kidogo linalokufa. Nikarudi dukani, wakasema katriji itakuwa imechoka, nikaongeza elfu 15 ya katriji mpya, nikarudia, vilevile.

Na haiwezi kuwa vingine, kwa sababu mkaa unanasa harufu ya klorini na vitu vinavyoharibu ladha, ila kalsiamu iliyoyeyuka inapita zake. Kwa hiyo harufu ya dawa imeisha kweli, watoto wanakunywa maji zaidi (nayachemsha bado, mkaa hauui vijidudu), kwa hilo chujio nalipatia nyota tatu. Kwa chumvi sifuri, na imeniuma kwa sababu elfu 63 ni hela, na ningeambiwa ukweli ningechagua mwenyewe. Chujio la kulainisha maji ni lingine, lina punje za rezini zinazoshika kalsiamu na kuachia sodiamu, na lazima uwe unaliosha kwa maji ya chumvi kila baada ya muda. Muuzaji akikwambia lake linalainisha muulize chumvi inawekwa wapi, hana jibu ondoka.

Kilichonisaidia mimi ni sitriki, ule unga mchachu wanaoweka kwenye ubuyu na aiskrimu, pakiti ya elfu 3 nimeitumia miezi miwili. Jagi: lita moja ya maji, vijiko viwili vya chakula, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja umwage. Gamba lote linatoka bila kukwangua. Shawa naifungua nailoweka usiku kucha. Msichanganye na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, inatoa hewa mbaya sana, na msiimwage kwenye terazo inakula. Hita nimeshusha moto, maana maji yakiwa ya moto zaidi gamba linaongezeka. Maharage naweka magadi kidogo kama alivyokuwa anafanya bibi, magadi yanaitoa kalsiamu kwenye maji ndo mana yanaiva haraka, ila ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni.

Kufua ndo bado napambana. Sabuni ya unga inastahimili kuliko ya kipande, ila mashati meupe ya shule hayajang'aa kama yanapopata maji ya mvua. Bati langu upande mmoja ni kama mita 10 kwa 6, mvua ya milimita 20 tu inajaza tenki la lita elfu moja, na mimi msimu mzima nimekinga kwa ndoo! Nimebakiza madumu matatu, nayatunza ya mashati tu. Fundi wa gata za kukingia mvua nimeshaongea naye, anakuja mwezi wa kumi.